Tembea Uone, Kisha Andika

Wazee wetu husema, "Tembea uone." Lakini si kila anayetembea huona. Watu wawili wanaweza kupanda basi moja kutoka Hombolo kwenda Dodoma mjini. Wanakaa kiti kimoja na kupita njia ile ile. Wakifika, mmoja ukimwuliza habari za njiani, atajibu, "Njema, ila vumbi lilikuwa jingi." Wa pili atakuambia kwamba mibuyu imeanza kuchanua, kwamba mto umebaki mchanga mtupu, na kwamba watu wa ng'ambo ya kilima wamekwisha kusafisha mashamba yao. Nauli waliyolipa ni moja. Faida waliyopata si moja.

Somo letu la leo ni juu ya kusafiri kwa macho yaliyo wazi. Tutajifunza namna ya kutazama nchi na majira yake, na namna ya kuweka kumbukumbu ya yale tunayoyaona. Tutaanza mbali, katika nchi ya Japani. Kisha tutarudi kwetu, Hombolo na mkoa wa Dodoma.

MAUA YA WAJAPANI

Japani ni nchi ya visiwa, mashariki kabisa ya bara la Asia. Huko mwaka una majira manne. Yapo majira ya baridi kali, ambapo sehemu nyingi huanguka theluji. Theluji ni maji yaliyoganda angani, yanayoanguka kama pamba nyepesi. Yapo majira ya kuchipua, ambapo miti hutoa maua na majani mapya. Yapo majira ya joto. Na yapo majira ya kupukutika, ambapo majani ya miti mingi hugeuka kuwa mekundu na ya manjano kabla ya kuanguka.

Wajapani hupenda sana kusafiri ili kuyatazama mabadiliko hayo. Wengine hwenda milimani kuona majani mekundu. Wengine hwenda kuutazama Mlima Fuji, wenye urefu wa mita 3,776, ukiwa na theluji kileleni. Lakini safari inayojulikana kuliko zote ni ile ya kwenda kutazama maua ya mti uitwao sakura.

Sakura hutoa maua meupe au ya rangi ya waridi. Mara nyingi maua huja kabla ya majani, kwa hiyo mti mzima huwa kama wingu. Watu hukaa chini ya miti hiyo pamoja na jamaa na rafiki zao. Hula, huzungumza na kuyatazama maua. Wageni kutoka nchi nyingine nao husafiri mbali sana ili wayaone.

Kwa nini watu wafanye haraka hivyo? Ni kwa sababu maua hayo hayakai. Tangu kuanza kuchanua hadi kupukutika ni kama wiki mbili tu. Upepo au mvua kubwa ikija, huisha mapema zaidi. Aliyechelewa atangoje mwaka mwingine.

Tena maua hayachanui nchi nzima siku moja. Katika visiwa vikubwa, sehemu za kusini huanza mwezi Machi. Kaskazini, katika kisiwa cha Hokkaido, kuna baridi zaidi. Huko maua hungoja mpaka mwisho wa Aprili au mwezi Mei. Basi katika miji mingi upo mti mmoja maalumu unaoangaliwa na watu wa idara ya hali ya hewa. Maua matano au sita ya mti huo yakifunguka, hutangazwa kwamba sakura ya mji huo imeanza kuchanua. Msafiri akisikia hivyo, hufunga mzigo wake.

DAFTARI LA MIAKA ELFU

Sasa, ndugu msomaji, fikiri kidogo. Kutazama maua kwaweza kuonekana ni starehe tu. Lakini Wajapani walifanya jambo moja zaidi. Waliandika.

Mji wa Kyoto ulikuwa makao makuu ya Japani kwa zaidi ya miaka 1,000. Katika miaka hiyo, watu wa nyumba ya mfalme, wakuu na makuhani waliandika katika vitabu vyao vya kila siku tarehe walizokwenda kutazama maua. Hawakujua kwamba wanafanya kazi ya sayansi. Waliandika tu, "Leo tumekwenda kutazama maua." Baadaye wataalamu walivikusanya vitabu hivyo, wakazipanga zile tarehe. Kumbukumbu ya kwanza ni ya mwaka 812.

Kumbukumbu hizo zimeonyesha nini? Zimeonyesha kwamba kwa muda mrefu maua ya Kyoto yalikuwa yakichanua kikamilifu karibu na katikati ya mwezi Aprili. Lakini katika miaka ya karibuni yamekuwa yakiwahi. Mwaka 2021 yalichanua kikamilifu tarehe 26 Machi. Ilikuwa mapema kuliko mwaka wowote ulioandikwa kabla yake. Dunia imeongezeka joto, na mji nao umekuwa mkubwa na wenye joto zaidi. Mti umetoa ushahidi, na daftari limeuhifadhi.

Mfano mwingine ni ziwa Suwa, lililo katika milima ya Japani. Tangu mwaka 1443 makuhani wa mahali hapo wameandika kama ziwa limeganda kuwa barafu wakati wa baridi, na siku gani. Zamani liliganda karibu kila mwaka. Siku hizi mara nyingi haligandi. Mtu mmoja, kwa umri wake mmoja, asingeweza kulijua jambo hilo kwa hakika. Limejulikana kwa sababu baba aliandika, na mwana akaendelea.

Hapa kwetu tunao msemo usemao, "Mali bila daftari huisha bila habari." Msemo huo huandikwa madukani, lakini hauhusu fedha peke yake. Majira nayo ni mali.

SISI NASI TULIANDIKA

Usidhani kwamba kazi hii ni ya watu wa mbali tu. Mwaka 1896 msafiri mmoja aitwaye Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia, nchi za baridi kali. Aliandika habari za safari yake kwa Kiswahili, nazo zilichapishwa huko Ujerumani mwaka 1901, pamoja na safari za Waswahili wengine. Mpaka leo tunaweza kujua msafiri wa Kiswahili aliona nini huko.

Na hapa Ugogo alikuwako Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Yeye aliandika kitabu juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kilichochapishwa mwaka 1954. Mengi yaliyokuwa midomoni mwa wazee wa wakati huo yamebaki kwa sababu yeye alishika kalamu.

MAJIRA YA KWETU

Mtu akikuambia Dodoma hakuna cha kutazama ila ukame, mwambie arudi tena mwezi mwingine. Sisi hatuna majira manne kama Wajapani. Tunayo majira makubwa mawili: kiangazi, na majira ya mvua ambayo hapa huitwa kifuku. Lakini ndani ya majira hayo mawili nchi hubadilika mara nyingi.

Tuanze mwezi Juni na Julai. Mavuno ya mtama na uwele yanakwisha. Usiku kuna baridi. Anga ni safi, na vilima vya mawe vinaonekana kutoka mbali. Mwezi Agosti na Septemba upepo huvuma na vumbi hupanda. Wakati huo mashamba ya zabibu yanayotiliwa maji yana mavuno. Mgeni hushangaa kuona vichala vimejaa mahali ambapo nyasi zote zimekauka. Zabibu za Dodoma huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Mavuno mengine huja karibu na mwezi Machi.

Mwezi Oktoba na Novemba joto huwa kali. Huu ndio wakati wa kuutazama mbuyu. Wengi wetu tumezaliwa na kukua karibu na mibuyu, lakini ni wachache waliokwisha kuliona ua lake likifunguka. Sababu ni kwamba hufunguka jioni, jua linapokuchwa. Ni ua kubwa, jeupe, linaloning'inia kichwa chini. Harufu yake ni nzito. Usiku popo huja kunywa maji yake matamu, na kwa kupita huku na huku hubeba mbelewele kutoka ua hadi ua. Bila kazi hiyo hatungepata ubuyu. Kesho yake ua hugeuka rangi ya kahawia na kuanguka. Sakura ina wiki mbili. Ua la mbuyu lina usiku mmoja.

Mwisho wa Novemba au mwezi Desemba mvua huanza. Katika siku chache tu nchi iliyokuwa kijivu hugeuka kijani. Mibuyu iliyokuwa mitupu hupata majani. Wakati huu mbayuwayu na korongo weupe waliotoka Ulaya huwa wamekwisha kufika, kwa kuikimbia baridi ya huko. Kumbe nao ni wasafiri wafuatao majira! Mvua huendelea hadi Aprili. Lakini mara nyingi husimama kwa siku kadhaa katikati, na hapo ndipo mkulima hukosa usingizi. Mvua yote ya mwaka mzima Dodoma ni kama milimita 550 hadi 600. Ni kidogo. Ndiyo maana tarehe ya kuanza na tarehe ya kusimama zina uzito mkubwa kwetu kuliko kwa watu wa nchi zenye mvua nyingi.

SAFARI NNE ZA KUTAZAMA

Sasa tuchague safari nne. Si lazima uzifanye zote, wala si lazima uwe na fedha nyingi. Ukienda msibani, sokoni au kumwangalia ndugu hospitali, unaweza kutazama njiani.

Safari ya kwanza ni ya miguu, hapa hapa Hombolo: nenda bwawani. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957 katika mto Kinyasungwe Mdogo. Nenda mwezi Aprili, maji yakiwa mengi. Kisha nenda mahali pale pale mwezi Novemba. Utaona ufuko umekuwa mpana, na ndege wa majini wamesogea pamoja na maji. Utaona pia jambo lisilopendeza. Kila mwaka mito huleta udongo kutoka mashamba na vilima vilivyokosa miti, na udongo huo hukaa chini ya bwawa. Kina hupungua. Wavuvi wa perege na kambale, na wakulima wa bustani na zabibu, wote wanalitegemea bwawa hili. Je, nani kati yetu anaweza kusema maji yalifika wapi miaka kumi iliyopita?

Safari ya pili ni ya kuufuata mto huo. Maji ya Kinyasungwe huelekea mashariki, hupita Gulwe, kisha Kilosa ambako mto huitwa Mkondoa. Mwishowe huingia mto Wami na kufika Bahari ya Hindi. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hupita kando ya mto huo kwa sehemu ndefu. Ukisafiri kwa treni wakati wa kiangazi, utaona mchanga mweupe tu, na watu wakichimba visima ndani yake. Usidanganyike. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 mafuriko yaliivunja reli kati ya Kilosa na Gulwe. Baadaye wataalamu wa shirika la Japani liitwalo JICA walishiriki kuchunguza namna ya kuilinda reli hiyo na mafuriko. Tangu mwaka 2024 ipo pia reli mpya ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Treni hiyo hukimbia sana. Ukiipanda, kaa dirishani na usilale.

Safari ya tatu ni ya kwenda magharibi. Ukipita Bahi wakati wa kifuku, utaona tambarare kubwa yenye maji na mashamba ya mpunga. Mbele yake nchi husimama kama ukuta. Huo ni ukingo wa Bonde la Ufa. Ukifika Kilimatinde, juu ya ukingo, geuka utazame nyuma. Mbuga zote za Bahi ziko chini yako.

Safari ya nne ni ya kaskazini, wilaya ya Kondoa. Huko Kolo kuna michoro ya kale juu ya miamba. Watu wa zamani walichora watu, twiga, tembo na wanyama wengine. Mwaka 2006 michoro hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Fikiri: watu hao hawakuwa na daftari, lakini waliandika kwenye jiwe yale waliyoyaona, na sisi leo tunayasoma.

Njiani usiache kutazama ardhi ya Kondoa. Palikuwa na makorongo makubwa ya udongo mwekundu uliochukuliwa na maji. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu zilizoharibika sana. Halikuwa jambo jepesi kwa wenye ng'ombe. Lakini nyasi na miti vilirudi katika sehemu nyingi. Basi mandhari huweza kuharibika, na huweza kuponywa. Atakayeweza kupima ni yule aliyeandika ilivyokuwa kabla.

NAMNA YA KUANDIKA

Nunua daftari dogo na kalamu. Kila unapoona jambo la majira, andika mambo manne: tarehe, mahali, ulichokiona, na hali ya hewa siku hiyo. Usiandike mengi. Kwa mfano:

Tarehe 24 Novemba. Korongoni, njia ya bwawani. Mbuyu mkubwa umetoa maua ya kwanza. Joto kali, mawingu upande wa mashariki, mvua hakuna.

Tarehe 9 Desemba. Nyumbani. Mvua ya kwanza ya kulowesha shamba. Ilianza alasiri, ikaisha magharibi.

Chagua mti mmoja na uwe ndio wako kila mwaka, kama wanavyofanya Wajapani. Chagua pia jiwe moja au mti mmoja kando ya bwawa, na uandike mara mbili kwa mwaka maji yako hatua ngapi kutoka hapo. Usibadilishe alama yako. Ukibadilisha, huwezi kulinganisha.

Andika ulichokiona, usiandike ulichotamani. Kama ulisikia kwa mtu, andika "nimesikia." Na kama siku imepita bila kuandika, iache wazi. Usiijaze kwa kubahatisha.

FAIDA YAKE

Labda utauliza, "Mimi ni mkulima. Daftari la maua litanilisha?" Swali ni zuri.

Wazee wa Ugogo waliipa miaka mibaya majina. Njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920 waliiita Mtunya, na jina hilo linakumbukwa mpaka leo. Lakini jina hutuambia tu kwamba watu waliteseka. Halituambii mvua ya kwanza ilinyesha lini, ilisimama lini, wala mibuyu ilichanua lini mwaka huo. Wazee walizijua dalili hizo. Waliweza kuutazama mti au ndege wakasema, "Tayarisheni mbegu." Wengi wao wamefariki, na elimu hiyo wamekwenda nayo.

Leo mvua hazishiki tarehe kama walivyozoea. Je, dalili zile bado ni za kweli? Mbuyu ukichanua mapema, mvua nayo huwahi? Huwezi kujibu kwa mwaka mmoja. Ukiwa na daftari la miaka kumi, utaanza kujibu. Mkiwa watu ishirini wa darasa moja wenye madaftari ishirini, mtaweza kukaa na bwana shamba mkazungumza naye mkiwa na ushahidi mkononi. Mtapanda mkijua miaka iliyopita ilikwendaje, si kwa kukumbuka tu. Na siku kijiji kikijadili kukata miti ya kilimani au kuiacha, mwenye kumbukumbu ya maji ya bwawa atakuwa na neno la kusema.

Ndugu msomaji, ulipojifunza kusoma na kuandika, wengine walikuuliza itakusaidia nini uzeeni. Hii ni sehemu moja ya jibu. Mjukuu wako hataliona ua la mbuyu la mwaka huu. Lakini anaweza kulisoma, pamoja na tarehe yake, kwa mwandiko wako.

Jioni ya leo, jua likishuka, toka nje utazame. Kisha andika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Wajapani hufanya haraka kwenda kutazama maua ya sakura?
2. Kumbukumbu za Kyoto zimeonyesha mabadiliko gani? Yangejulikanaje kama watu hawakuandika?
3. Ulizeni wazee wa kijiji: walitumia dalili gani kujua kwamba mvua iko karibu? Andikeni majibu yao.
4. Chagueni mti mmoja na alama moja ya bwawa au mto. Nani ataandika, na daftari litatunzwa wapi?
5. Kila mmoja aandike sentensi tano juu ya alichokiona njiani alipokuja darasani leo.